Kabla seli haijanakili: jinsi kemikali za saratani zinavyoijeruhi DNA

Watu wengi wakisikia kwamba kemikali fulani inaleta saratani, hudhani ni sumu inayoingia kwenye seli na kuigeuza papo hapo. Sivyo. Kemikali nyingi za aina hii zikiingia mwilini haziwezi kuigusa DNA hata kidogo. Mwili wenyewe ndio unaozinoa. Na zikishaigusa, kinachopatikana kwanza ni jeraha, si badiliko. Jeraha linaweza kuondolewa lisiache hata alama. Badiliko la kudumu huzaliwa baadaye, seli inaponakili DNA yake huku jeraha bado lipo. Kwa hiyo, katika kila mfano utakaofuata, swali la kujiuliza ni lilelile: ukarabati umewahi kabla ya kunakili, au umechelewa?

Ini linavyozinoa

Tuanze na benzo[a]paireni. Hutokea kila kitu chenye kaboni kinapoungua bila oksijeni ya kutosha, ndiyo maana imo kwenye moshi wa tumbaku, masizi, lami ya makaa ya mawe na moshi wa injini. Ni pete tano zilizoshikana, bapa, zenye tabia ya mafuta. Haiyeyuki kwenye maji na haina hamu ya kuungana na chochote. Shida ya mwili ni kwamba kitu kisichoyeyuka kwenye maji hakitoki kirahisi kwa mkojo, hivyo hukipachika oksijeni ili kiyeyuke. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vya ukoo wa P450. CYP1A1 na CYP1B1 huweka oksijeni kati ya kaboni ya 7 na ya 8. Kimeng'enya kingine, epoksidi haidrolasi, huongeza maji mahali hapo. Kisha P450 hurudi na kuweka oksijeni nyingine kati ya kaboni ya 9 na ya 10.

Mzunguko huo wa pili ndio unaoleta balaa. Kinachotoka ni dioli-epoksidi, molekuli yenye njaa kali ya elektroni. Ikipita karibu na DNA, huikuta guanini, mojawapo ya besi nne (herufi za DNA: adenini, sitosini, guanini na thimini), yenye elektroni za kutoa kuliko wenzake, na hujifunga kwenye naitrojeni iliyoning'inia nje ya pete ya guanini. Kifungo ni cha kovalenti. Hakifumuki kwa kungoja. Mbaya zaidi, benzo[a]paireni yenyewe ndiyo inayowasha jeni za vimeng'enya hivyo, kwa kushika kipokezi kiitwacho AhR ndani ya seli. Mapafu yanayopokea moshi kila siku huwa na CYP1A1 nyingi kuliko yasiyoupokea.

Sumukuvu, yaani aflatoksini B1 inayotengenezwa na kuvu Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus, hupita njia ya jirani. CYP3A4 na CYP1A2 kwenye ini huigeuza kuwa epoksidi ya 8,9. Epoksidi hiyo haidumu: ndani ya maji huvunjika kwa takriban sekunde moja. Lakini sekunde moja inatosha. Hujipenyeza katikati ya besi na kujifunga kwenye naitrojeni namba 7 ya guanini. Hapo guanini hubeba chaji chanya na kukosa utulivu. Ama itang'oka yote na kuacha pengo, na guanini iliyong'oka ikiwa na sumukuvu mgongoni hutoka kwa mkojo, ambako maabara huipima ili kujua mtu ameathirika kiasi gani; ama pete yake itafunguka na kuwa umbo linaloitwa FAPY, ambalo limetulia na linaweza kukaa kwenye DNA kwa muda mrefu. Hilo la pili ndilo la kuogopa.

Kwa nini panya mdogo wa maabara (mouse) hustahimili sumukuvu huku panya mkubwa (rat) akipata saratani ya ini kwa dozi ndogo? Wote wawili huitengeneza epoksidi. Tofauti ni kwamba panya mdogo ana kimeng'enya cha glutathioni kinachoidaka epoksidi haraka sana kabla haijafika kwenye DNA. Vya binadamu, kwa kazi hii, ni dhaifu. Mimi naona mfano huu unafundisha kuliko jedwali zima la viwango vya sumu: hatari ya kemikali haimo ndani ya kemikali peke yake, imo kwenye ushindani kati ya kimeng'enya kinachonoa na kimeng'enya kinachozima.

Nitrosamini ni ndogo na hazina pete kubwa za kujivunia. Ile rahisi kuliko zote, NDMA, hushambuliwa na CYP2E1, na mabaki yake hutoa kikundi cha methili kinachorukia DNA. Methili nyingi huangukia naitrojeni namba 7 ya guanini, mahali ambapo hazina madhara makubwa. Zisizofika hata asilimia 10 huangukia oksijeni namba 6. Hizo chache ndizo zenye kesi, kama tutakavyoona.

Amini za aromatiki, zile za viwanda vya rangi kama benzidini na 2-nafthilamini, nitazipitia kwa haraka, ila zina jambo moja la kutazamwa. Mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt aliripoti saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa rangi. Kwa nini kibofu, si ini? Kwa sababu ini hupachika sukari maalumu kwenye kemikali iliyonolewa na kuituma kwenye mkojo kama mzigo uliofungwa vizuri. Kufika kibofuni, mkojo wenye asidi huifungua kamba. Kemikali kali inabaki humo, mkojo umekaa saa kadhaa, na ukuta wa kibofu ndio ulio jirani.

Waliolionyesha jambo hili la kunolewa mwilini ni Elizabeth na James Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Mwaka 1947, kabla umbo la DNA halijajulikana, walionyesha kwamba rangi ya azo waliyowalisha panya ilijifunga kwa nguvu kwenye protini za ini. Kwa miaka iliyofuata waliifuatilia hoja hadi wakafikia kanuni inayotumika mpaka leo: kemikali zinazoleta saratani hazifanani kwa sura, ila maumbo yao ya mwisho hufanana kwa tabia, yote hutafuta elektroni.

Jeraha linavyogeuka badiliko

Polimerasi za kawaida zinazonakili DNA ni makini sana, na umakini wao ndio udhaifu wao hapa. Zikikuta guanini iliyobeba pete za benzo[a]paireni, husimama. Haiwezekani kuiingiza guanini ya namna hiyo kwenye nafasi finyu ya kimeng'enya. Uma wa kunakili, yaani mahali nyuzi mbili zinapoachana ili zinakiliwe, ukisimama muda mrefu huvunjika, kwa hiyo seli ina mpango wa dharura: RAD6 na RAD18 huipachika yubikwitini, protini ndogo ya kutia alama, protini iitwayo PCNA, ile pete inayoishikilia polimerasi kwenye uzi, na alama hiyo huita polimerasi za kuvuka majeraha. Hizi zina nafasi pana na hazikagui kazi yao. Polimerasi kappa mara nyingi huvuka guanini hii vizuri na kuweka sitosini inayotakiwa. Zikija nyingine mahali pake, mara nyingi huwekwa adenini.

Adenini hiyo bado si badiliko kamili. Ni kosa upande mmoja tu, na upande wa pili bado una guanini iliyojeruhiwa. Seli ikinakili tena, adenini itavuta thimini, na sasa mahali palipokuwa na jozi ya G na C (guanini na sitosini) pana jozi ya T na A (thimini na adenini), safi, isiyo na kasoro yoyote ya kikemia. Hakuna kimeng'enya duniani kitakachoshuku. Hapo ndipo njia ya kurudi inapofungwa.

Kwenye jeni ya TP53, inayotengeneza protini p53 ya kusimamisha seli iliyojeruhiwa, sumukuvu ina mahali panapojulikana sana: kodoni (kundi la besi tatu) ya 249, ambapo AGG hugeuka AGT na asidi amino ajinini hugeuka serini. Badiliko hili hukutwa sana kwenye saratani za ini za watu waliokula sumukuvu kwa miaka mingi, hasa wakiwa pia na virusi vya homa ya ini B. Virusi huzidisha hatari kwa njia inayolingana na hoja yetu: ini lililovimba huua seli na kuzaa nyingine bila kukoma, na kila seli inayozaliwa ni nafasi nyingine ya kunakili jeraha kabla halijatibiwa.

Methili kwenye oksijeni namba 6 hufanya hila tofauti. Haizuii chochote. Polimerasi hupita juu yake bila kusita, ikidhani guanini ni adenini, na kuweka thimini. Hakuna kusimama wala kengele.

Seli inavyojibu

Kwanza, kujeruhiwa si jambo la ajabu kwa seli. Kwa joto la mwili na maji peke yake, seli moja ya binadamu hupoteza takriban besi 10,000 kwa siku, na karibu zote hurudishiwa. Tomas Lindahl ndiye aliyehesabu uozo huu wa asili, na mwaka 2015 yeye, Paul Modrich na Aziz Sancar walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kueleza jinsi seli inavyojikarabati. Kemikali haileti kazi mpya kabisa. Inaongeza foleni, na inaleta majeraha ya umbo ambalo mafundi wa kawaida hawalimudu.

Kwa ile methili ya oksijeni namba 6 kuna protini iitwayo MGMT. Huishika guanini, huichomoa methili na kuihamishia kwenye sisteini yake yenyewe, namba 145. Hakuna kukata, hakuna kujaza. Lakini MGMT ni kama nyuki: ikishachoma mara moja imekwisha, huwekwa alama na kuharibiwa. Molekuli moja, jeraha moja. Dozi ikimaliza akiba ya MGMT, majeraha yanayofuata hubaki mpaka seli itengeneze nyingine. Ndiyo sababu dozi ndogo ya kemikali za methili inaweza kupita bila athari inayopimika, kisha juu ya kiwango fulani mabadiliko yakaanza kupanda ghafla.

Besi ndogo zilizoharibika, kwa mfano guanini iliyopachikwa oksijeni kwenye nafasi ya 8, huondolewa moja moja. Kimeng'enya glikosilasi huikata besi, APE1 hukata uti wa mgongo wa uzi palipobaki pengo, polimerasi beta hujaza, ligasi hufunga. Kazi ndogo, ya haraka.

Majeraha makubwa kama ya benzo[a]paireni yanahitaji ukarabati wa kukata kipande, na huu unastahili kutazamwa kwa karibu. Protini XPC huzunguka kwenye DNA bila kutafuta kemikali yoyote. Inatafuta mahali ambapo nyuzi mbili hazishikani sawasawa, besi zinacheza. Ikipapata, huita TFIIH, kundi la protini lenye injini mbili za kufungua nyuzi, XPB na XPD. XPD hutembea juu ya uzi na kukwama kwenye jeraha; kukwama huko ndiko kunakothibitisha kwamba jeraha lipo kweli na liko upande gani. XPA na RPA huja kushikilia nyuzi zilizofunguliwa. Kisha mikasi miwili hukata upande huohuo: XPF ikiwa na ERCC1 hukata upande wa 5', XPG upande wa 3' (majina ya ncha mbili za uzi). Kipande cha besi 24 hadi 32 hutoka kikiwa na jeraha katikati yake. Polimerasi hujaza kwa kufuata uzi mzima wa pili, na ligasi hufunga.

Mambo huharibika wapi? Mwanzoni kabisa. Jeraha lisilokunja DNA halimshtui XPC. Asidi ya aristolokia, inayotoka kwenye mimea ya jenasi Aristolochia iliyowahi kutumiwa sana kama dawa, hujifunga kwenye adenini kwa namna inayoiacha DNA karibu imenyooka. Majeraha yake hukaa kwenye figo kwa miaka. Na watu waliozaliwa na kasoro katika XPA, XPC au wenzao wana ugonjwa wa xeroderma pigmentosum. Kwao jua pekee linatosha, kwa sababu mikasi hiyohiyo ndiyo inayoondoa majeraha ya mionzi ya urujuanimno.

Kuna mlango wa pili wa kuingilia. RNA polimerasi II, inayosoma jeni ili protini zitengenezwe, nayo hukwama kwenye jeraha. Protini CSB hulitambua gari lililokwama na kuita TFIIH moja kwa moja, bila kumsubiri XPC. Kwa hiyo uzi unaosomwa hukarabatiwa mapema kuliko mwenzake.

Nyuzi zote mbili zikikatika, kuna njia mbili: kuunganisha ncha kwa ncha kwa kutumia Ku na ligasi IV, ambayo ni ya haraka na hupoteza besi chache, au kunakili kutoka kromatidi dada, yaani nakala pacha ya DNA, kwa msaada wa BRCA1, BRCA2 na RAD51, ambayo ni safi ila huwezekana tu baada ya DNA kunakiliwa.

Wakati mafundi wakiendelea, kuna suala la kununua muda. Uma uliosimama huacha uzi mmoja ukiwa wazi. RPA huufunika, na ATR, kimeng'enya cha kutoa tahadhari, huja kuukalia na kuiamsha CHK1. Nyuzi zilizokatika huamsha wenzao, ATM na CHK2. Zote huishia kwenye p53. Katika seli tulivu p53 hutengenezwa na kuvunjwa mfululizo, nusu yake ikivunjwa kila dakika 20 hivi, kwa sababu protini MDM2 huipeleka kwenye uharibifu. ATM na CHK2 zikiipachika fosfeti, MDM2 hupoteza mshiko na p53 hurundikana. Huwasha protini p21, ambayo hufunga breki za kunakili. Majeraha yakiisha, p53 hushuka. Yasipoisha, p53 huwasha protini za kifo PUMA na NOXA, mitokondria hutobolewa na BAX na BAK, protini sitokromu c humwagika, na vimeng'enya viitwavyo kaspasi huibomoa seli kwa utaratibu. Takriban nusu ya saratani za binadamu zina TP53 iliyoharibika, na si vigumu kuona kwa nini: seli iliyopoteza breki hiyo hunakili majeraha yake yote na huishi kuyasimulia.

Kuna kisa cha ukarabati wa besi zisizolingana ambacho hushangaza wanafunzi. Methili ikikaa kwenye oksijeni namba 6, thimini ikawekwa mbele yake, protini kama MSH2 na MLH1 huona kosa. Lakini zimeumbwa kuamini uzi wa zamani na kukata ule mpya. Huiondoa thimini, polimerasi hurudi na kuweka thimini tena, hukatwa tena. Kazi ya bure mpaka kwenye mzunguko unaofuata nyuzi hukatika na seli hufa. Inaonekana kama kosa la ubunifu. Lakini seli zilizopoteza MSH2 au MLH1 huvumilia methili nyingi, huendelea kugawanyika, na hujaza mabadiliko. Kufa kulikuwa ndiyo kinga. Temozolomidi, dawa ya saratani ya ubongo, hutumia njia hii hii, na hufanya kazi vizuri zaidi kwa uvimbe ulionyamazisha jeni ya MGMT.

Kulipima kwenye sahani

Kipimo alichokibuni Bruce Ames huko Berkeley miaka ya 1970 kinaonyesha hoja yote hii kwenye sahani ya agari. Hutumia Salmonella isiyoweza kujitengenezea histidini. Badiliko likiigeuza jeni iliyoharibika irudi kazini, bakteria huyo huota kundi linaloonekana kwa macho. Aina TA100 hunasa besi iliyobadilishwa na nyingine, TA98 hunasa besi zilizoongezwa au kupunguzwa. Zote zimeondolewa jeni ya uvrB, yaani ukarabati wa kukata kipande, na zimepewa plasmidi (duara dogo la DNA) inayoongeza polimerasi za kuvuka majeraha. Kwa maneno mengine, zimenyimwa muda makusudi.

Katika mililita 2 za agari laini ya vuguvugu, yenye histidini kidogo mno, weka mililita 0.1 ya bakteria, mililita 0.1 ya kemikali na mililita 0.5 ya mchanganyiko wa S9, ambao ni ini la panya lililosagwa na kuzungushwa kwa kasi, pamoja na viambata vya kuviendesha vimeng'enya vyake. Mimina, acha kwenye nyuzi 37 kwa saa 48 hadi 72, hesabu. Tumia dozi zisizopungua tano, sahani tatu kwa kila dozi, mpaka miligramu 5 kwa sahani kama kemikali inayeyuka na haiui.

Makosa ni yaleyale kila mahali. Ukisahau S9, benzo[a]paireni hutoka malaika. Kwa NDMA, kumimina moja kwa moja hutoa jibu dhaifu. Changanya kwanza kwa dakika 20 hadi 30, na S9 ya hamsta ni bora kuliko ya panya. Sampuli ya chakula inaweza kuleta histidini yake yenyewe ikaongeza makundi bila badiliko lolote. Na dozi kali inayoua bakteria wengi hutoa vikundi vidogovidogo vinavyofanana na matokeo chanya, kumbe ni manusura wachache waliogawana histidini iliyobaki. Dawa yake ni kutazama zulia la bakteria kwa darubini kabla ya kuhesabu. Likiwa limechakaa, usiihesabu sahani hiyo.

Jibu hasi nalo lisikudanganye. Asbesto, dioksini na homoni huleta saratani bila kuonekana kwenye sahani hii, kwa sababu hazianzi kwa kujifunga kwenye DNA.

Leo DNA nzima ya uvimbe inaweza kusomwa, na kila kemikali huacha mwandiko wake. Kwa saratani ya mapafu ya wavutaji, ni G kwenda T. Utafiti wa mwaka 2016 ulikadiria mabadiliko 150 kwa kila seli ya mapafu kwa kila mwaka wa kuvuta pakiti moja kwa siku. Kwa asidi ya aristolokia ni A kwenda T, na ndipo mlango wa pili wa ukarabati unapojionyesha wazi: XPC haikuliona jeraha, RNA polimerasi ilikwama nalo, na uzi unaosomwa una mabadiliko machache mno kuliko usiosomwa.